Deni la Utafiti

Katika kila utafiti unaomhusu binadamu wapo watu watatu: mwenye kuuliza, mwenye kuulizwa, na mwenye kusoma jibu. Wa kwanza na wa tatu aghalabu hufahamiana. Wamesoma vyuo vya namna moja, hutumia lugha moja, hukutana mikutanoni, na kila mmoja hulitaja jina la mwenziwe katika maandishi yake, ili lake nalo litajwe. Mtu wa pili hawamjui, wala yeye hawajui wao, ila kwa saa ile moja alipoketi mkekani akajibu maswali, au alipolala kitandani akakatwa kipande cha nyama ya mwili wake kipelekwe kupimwa. Saa ile ikipita, yeye huwa nambari. Swali ninalotaka kulitazama ni la deni. Maarifa yaliyotoka katika mwili wa mtu wa pili, yakampa cheo mtu wa kwanza na kumnufaisha mtu wa tatu, je, yana deni lolote kwake? Na kama lipo, hulipwa kwa sarafu gani?

Nitalitazama swali hili kwa mfano wa saratani ya matiti, na mahali nitakapolisimamisha ni Bukoba na Muleba, katika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria. Mimi si tabibu. Ni mwalimu wa lugha, na yamkini msomaji ataniuliza nimefuata nini katika nyumba ya waganga. Nimefuata maandishi. Sayansi ya tiba, ijapokuwa huanza katika damu na nyama, huishia katika makala. Na makala ni kitu chenye mwandishi, chenye msomaji, chenye lugha, na chenye ukweli au uongo ndani yake. Katika mambo hayo mwalimu wa lugha si mgeni kabisa.

Kagera ni nchi iliyozoea kuandikwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Mwaka 1987 wataalamu wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, walipima damu za watu wa mkoa huo, wakakuta kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24.2 katika kila mia walikuwa na virusi; walipopima tena mwaka 1996 hesabu ilikuwa imeteremka hata 13.3. Tangu 1991 hadi 1994 Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliziuliza kaya zaidi ya 900 za Kagera habari za mashamba yao, chakula chao, maradhi yao na misiba yao. Mwaka 2004 watafiti wakarudi kuwatafuta watu wale wale, na mwaka 2010 wakarudi tena, wakawafuata hata waliokuwa wamehamia nje ya mkoa na nje ya nchi. Kwa hesabu hizo wachumi wa mataifa mengi wameandika makala mengi. Hapana shaka wako miongoni mwao wanaoijua kaya ya Kagera kwa safu na mistari, ambao hawajapata kuona kibanja cha migomba wala rweya inayokizunguka.

Katika maandishi yote hayo liko andiko moja ambalo nalitaja kwa furaha. Wilayani Muleba mbu walikuwa wameizoea dawa ya jamii ya pareto inayotiwa katika vyandarua, na vyandarua vya kawaida vikapungukiwa nguvu. Kuanzia mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wa chuo cha tiba cha Kilimanjaro na wa London waligawanya sehemu ya wilaya katika mafungu 48. Baadhi wakayapa vyandarua vya kawaida, na mengine vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya kuuvunja usugu wa mbu. Baada ya miezi 9, watoto waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 29 katika kila mia penye vyandarua vipya, na 42 penye vya kawaida. Baada ya miezi 21 walikuwa 45 na 62. Makala yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2018, lakini Shirika la Afya Duniani halikuyangoja. Mwaka 2017 lilikuwa limekwisha kutoa shauri kwamba vyandarua vya namna ile vitumike panapostahili. Hesabu ya 45 bado ni kubwa, wala sisemi kwamba Muleba ilipona. Nasema kwamba mtu wa pili aliulizwa, jibu likaandikwa, na jibu likarudi kitandani pake katika umbo la chandarua.

Sasa tuiweke saratani ya matiti kando ya mfano huo. Duniani ugonjwa huu hauna upungufu wa watafiti. Katika saratani zote, ni miongoni mwa zile zinazoandikwa kupita nyingine. Katika mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba wanawake milioni 2.3 walipatwa nao, na watu 670,000 wakafa kwa ajili yake. Katika Tanzania ni wa pili kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Walakini utafiti mwingi, na fedha nyingi, viko mbali na hapa: katika chembe za urithi, katika dawa mpya zinazolenga aina moja tu ya uvimbe, katika mashine za kuona kijiuvimbe kisichoweza kuguswa kwa kidole. Mwanamke wa Muleba, ambaye uvimbe wake umekwisha kuonekana kwa macho, hana nafasi kubwa katika maswali hayo.

Kwa nini UKIMWI na malaria viliwaleta watafiti Kagera, na saratani isiwalete kwa wingi ule ule? Sababu ziko nyingi, lakini moja husemwa kwa nadra, nayo ni hofu. Mwezi Machi 2023 homa ya Marburg ilizuka katika wilaya ya Bukoba. Wagonjwa walikuwa 9, nao 6 wakafa, mtumishi wa afya akiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Kazi iliyofanywa ilikuwa ya ushujaa, na shukrani zake ni za haki. Dunia nzima ilitazama, na ilikuwa na sababu ya kutazama, kwa kuwa ugonjwa ule huweza kupanda ndege. Saratani haipandi ndege. Haivuki mpaka wa Mutukula kwa kushikana mikono. Mwanamke anayeugua titi katika kibanja chake hamtishi mtu yeyote wa Geneva wala wa New York, na kwa kuwa hamtishi, ni mwepesi kusahauliwa. Siwalaumu wanaojilinda. Nataka tu ikumbukwe kwamba sehemu ya kile tunachokiita mwelekeo wa utafiti ni ramani ya hofu za wenye mali, nayo haifanani sikuzote na ramani ya maumivu.

Sehemu nyingine ya mwelekeo huo hutokana na kipimo. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alitoa rai kwamba maandishi ya sayansi yafuatwe kwa njia ya kunukuliana: nani amemtaja nani, na mara ngapi. Rai ilikuwa njema, na kwa mkutubi mwenye fedha chache na majarida mengi ya kuchagua ilikuwa msaada mkubwa. Kutoka katika kazi hiyo kikatoka kipimo cha athari ya jarida, ambacho kuanzia 1975 kimetangazwa kila mwaka. Taratibu kile kilichokuwa mtumishi wa maktaba kikawa bwana wa chuo. Jarida likapimwa, kisha mwandishi akapimwa kwa jarida, kisha cheo, mshahara na fedha za utafiti vikapimwa kwa mwandishi. Desemba 2012 wanasayansi na wahariri walikutana San Francisco, wakatoa azimio kwamba mtu asihukumiwe kwa kipimo cha jarida alimochapisha. Wengi wametia sahihi. Wachache wameacha kuhesabu. Na tazama neno lenyewe: tunasema makala yana athari, na maana yake ni kwamba makala mengine yameyataja. Kama mwanamke mmoja amepona kwa sababu yake, hilo halimo katika hesabu.

Mtu atajibu kwamba kunukuliwa ni dalili ya ubora, na ubora mwishowe humfikia mgonjwa. Pengine ni kweli. Lakini historia ya saratani ya matiti imetuachia kisa kimoja ambacho kila mwanafunzi wa utafiti angepaswa kukijua, nacho kilitokea barani kwetu.

Katika miaka ya 1980 na 1990 palikuwa na tumaini kubwa juu ya tiba moja: kumpa mgonjwa dawa za saratani kwa kiasi kikubwa mno, kiasi cha kuuangamiza uboho wa mifupa yake, kisha kumrudishia chembe za uboho zilizohifadhiwa kabla. Tiba ilikuwa ghali, ya mateso, na wengine waliuawa nayo. Katika Marekani wagonjwa walizishitaki kampuni za bima ili ziilipie. Lililotakiwa ni ushahidi. Mwaka 1995 Werner Bezwoda wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba tiba ile iliwazidishia wagonjwa maisha. Jarida lilikuwa la heshima. Makala yakanukuliwa, yakabebwa huku na huko kama hoja, na maelfu ya wanawake wakaendelea kupewa tiba ile. Mwaka 1999, katika mkutano mkubwa wa madaktari wa saratani wa Marekani, matokeo ya majaribio kadhaa yalisomwa pamoja. Mengine hayakuonyesha faida iliyo wazi. La Johannesburg, lililo jipya, likazungumza kwa sauti ya ushindi.

Waamerika walipotaka kulifuata jaribio lile kwao, kwanza walituma watu Johannesburg kulikagua, mapema mwaka 2000. Jaribio lilisemwa kuwa na wagonjwa 154. Wakaguzi walipewa kumbukumbu za 58 tu, na wote hao walitajwa kuwa wa upande wa dawa kali. Wa upande wa kulinganishwa hakuonekana hata mmoja. Ushahidi wa wagonjwa kuwa wametia sahihi ya ridhaa haukupatikana. Bezwoda alikiri kwamba alieleza visivyo habari za jaribio lake, na chuo kikamfukuza. Makala ya 1995 nayo yakakaguliwa, na mwaka 2001 yakaondolewa katika maandishi ya sayansi.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mtu mmoja mwongo. Naona hivyo ni kukipunguza. Mtu mmoja alidanganya, lakini uongo wake ulisafiri kwa miguu ya wengine: wahariri waliofurahia habari njema, wasomaji walionukuu bila kuuliza, madaktari waliokuwa na mapenzi na tiba yao. Kwa miaka mitano kipimo cha athari kiliyahesabu makala yale kwa idadi ile ile ambayo kingeyahesabu makala ya kweli, kwa maana kipimo hiki hakina ulimi wa kuonja. Kinahesabu vikombe vilivyopita mezani. Na mtu wa pili wa kisa hiki ni nani? Ni mwanamke wa Johannesburg ambaye karatasi yake haikuonekana. Hatujui kama alipewa dawa ile, au kama alikuwako kabisa. Lau wakaguzi wangekwenda mwaka 1995 kumtafuta yeye, badala ya kulisoma jina la jarida, wanawake wengi wa ng'ambo ya bahari wangeokolewa na mateso yasiyo na faida. Kumjua mtu wa pili si suala la huruma tu, basi. Ni sharti la ukweli wenyewe.

Jambo hilo laonekana pia, bila uongo wa mtu yeyote, katika hesabu za ugonjwa. Jarida la saratani lenye kipimo cha athari kikubwa kuliko yote duniani, CA: A Cancer Journal for Clinicians, limepata sifa hiyo zaidi kwa sababu huchapisha takwimu: wangapi wamepatwa, wangapi wamekufa. Kila mwandishi wa saratani huanza makala yake kwa takwimu hizo, nami juu hapa nimefanya vivyo hivyo. Sasa shuka ngazi hiyo mpaka chini. Mahali ambapo daftari la saratani la nchi nzima halipo au halijakamilika, wanahesabu hutumia madaftari ya sehemu, ya mji mmoja au miwili, au ya nchi jirani, kisha hukadiria. Miongoni mwa madaftari ya kale kabisa ya Afrika ni la Kampala, ng'ambo ya ziwa, lililoanzishwa katika miaka ya 1950. Tanzania nayo ina madaftari kama ya Kilimanjaro na Mwanza. Makadirio hufanywa kwa uaminifu, na wenyewe huandika wazi kwamba ni makadirio. Lakini mwanamke wa kisiwa cha Bumbire aliyefia nyumbani, akazikwa bila uvimbe wake kupimwa, hayumo katika daftari lolote. Yumo kwa kukisiwa tu, kama kivuli cha mwanamke mwingine aliyepata bahati ya kufika hospitali. Na karani aliyekaa Rubya au Ndolage akaandika jina, umri, kijiji na aina ya uvimbe kwa mwandiko unaosomeka, ndiye jiwe la msingi la makala yanayonukuliwa kuliko yote, wala hapana atakayemnukuu.

Tena hesabu zisizosomwa kwa makini hutoa mafunzo ya uongo. Husemwa mara nyingi kwamba mwanamke wa Afrika hupatwa na saratani ya matiti akiwa kijana zaidi kuliko mwanamke wa Ulaya, na wengine wameharakisha kutafuta siri katika damu yake. Yamkini iko siri. Lakini kwanza tukumbuke kwamba watu wetu wengi ni vijana. Katika nchi yenye wazee wachache, wagonjwa wazee nao watakuwa wachache.

Najua hoja kubwa inayosimama mbele yangu, nayo ni hoja ya heshima. Maarifa, itasemwa, hayana kabila wala wilaya. Mtu asimwambie mtafiti, "Nilipe leo," kwa sababu mtafiti mwenyewe hajui kazi yake itazaa nini. Mfano mzuri ni tamoksifeni. Iliundwa Uingereza katika kiwanda cha dawa mwaka 1962, katika kutafuta dawa ya kuzuia mimba, na kwa kusudi hilo haikufaa. Baadaye ikaonekana kwamba huuzuia uvimbe wa titi unaolishwa na homoni. Leo ni kidonge cha bei nafuu, kimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na kinawafaa wanawake wa Kagera ambao waliokiunda hawakuwawazia hata siku moja. Kama waliokiunda wangelazimishwa kwanza kuonyesha faida yao kwa Muleba, kidonge kisingezaliwa.

Hoja hii naikubali, na yeyote atakayenisoma kuwa nautaka utafiti wote uwe wa faida ya kesho asubuhi amenisoma vibaya. Lakini itazame vizuri: inautetea utafiti uliofanywa kwa kemikali na panya. Haiutetei utafiti uliofanywa juu ya mwanamke mwenyewe. Aliyechanganya kemikali katika chupa hana deni kwa chupa. Aliyemfungua mtu, kwa kisu au kwa maswali, amepokea kitu kutoka kwa mwenye haki ya kuuliza kimekwenda wapi.

Juu ya hayo, uko utafiti uliouanza mwendo wake kwa mtu wa pili. Mwaka 1998 hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilianza kuuliza swali la nchi yenye mali chache: pasipo mashine za picha, je, mikono ya mwanamke aliyefundishwa, akiyapapasa matiti ya jirani zake kila baada ya miaka miwili, yaweza kupunguza vifo? Waliingia wanawake 151,538 wa mitaa ya maskini. Jibu lilichapishwa mwaka 2021. Uvimbe uligunduliwa mapema zaidi; na kwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu 30 katika kila mia, ijapokuwa kwa wale wa chini ya umri huo faida haikuonekana. Zilipita zaidi ya miaka 20 kati ya swali na jibu. Hebu fikiri, msomaji uliye chuoni: ni chuo kipi chetu kinachompandisha cheo mwalimu anayengoja jibu kwa miaka 20? Mwalimu huyo atakuwa ameulizwa mara saba idadi ya makala yake, na mwenziwe wa chumba cha pili, anayetoa matatu kwa mwaka, atakuwa profesa.

Na haya matatu kwa mwaka ni makala gani? Mengi katika Afrika ya Mashariki, na ya kwetu yakiwamo, yanasema jambo moja: wagonjwa wetu wa saratani ya matiti huchelewa. Jambo lenyewe ni la kweli. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti ya Tanzania iliyotolewa mwaka 2017 ilisema kwamba kama wanne katika kila watano hugunduliwa ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Aliyelisema kwanza alitufaa. Wa hamsini ametufaa nini?

Hapa naomba ruhusa ya kurudi katika kazi yangu, maana katika neno hili iko dhambi ndogo ya sarufi. Lugha yetu ina "kuchelewa" na ina "kucheleweshwa". Katika la kwanza mwanamke ndiye mwenye tendo: alichelewa, yeye, kwa ujinga wake, kwa woga wake, kwa mganga wake wa mitishamba. Katika la pili tendo lina mtu mwingine nyuma yake, na sentensi haitulii mpaka mtu huyo atajwe. Na safari yenyewe ni hii. Mwanamke wa Bumbire huanza kwa mtumbwi. Akionyesha uvimbe katika zahanati, huenda akapewa vidonge vya jipu akaambiwa arudi. Akirudi, hutumwa kituo cha afya. Kutoka hapo Rubya, Kagondo au Ndolage. Kutoka huko hospitali ya rufaa ya mkoa, Bukoba. Na kutoka Bukoba, Bugando, Mwanza. Zamani njia ya Mwanza ilikuwa meli ya usiku, na watu wa Kagera hawajaisahau tarehe 21 Mei 1996, siku ya MV Bukoba. Siku hizi wengi huzunguka kwa barabara, na tangu 2025 huvuka ghuba kwa daraja la Kigongo na Busisi badala ya kungoja kivuko. Kila kituo kina nauli yake, foleni yake, na watoto waliobaki na bibi yao. Kipande cha nyama kikikatwa, hungoja mtaalamu wa kukisoma, na wataalamu hao ni wachache. Jibu likipatikana, mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza. Huyu mwanamke alichelewa, au alicheleweshwa? Silabi mbili tu zahamisha lawama yote kutoka kifuani mwake na kuiweka mezani petu, na labda ndiyo sababu hatupendi kuzitamka.

Jina la ugonjwa nalo limo katika hesabu hii. "Saratani" ni neno tulilolipokea kwa Waarabu, na maana yake ni kaa, kama lilivyokuwa jina la Wayunani. Waganga wa kale waliona mishipa iliyovimba kuuzunguka uvimbe, ikafanana na miguu ya kaa. Walioliunda jina waliukuta ugonjwa ukiwa umekomaa, wa kuonekana kwa macho. Jina lile lile latufundisha tungoje kaa awe na miguu. Mwanamke aliye na kijiuvimbe kama punje ya mahindi, kisichouma, haoni kaa yeyote, naye husema, "Sina ugonjwa." Je, tumempa neno jingine? Katika makala yote yaliyoandikwa juu yake, ni mangapi yaliyorudi kwake katika lugha ambayo angeyasoma au kusomewa? Tangu 2002 uko mpango wa Hinari, unaozifungulia hospitali na vyuo vya nchi maskini majarida yaliyofungwa kwa bei. Ni jambo la kushukuriwa, ila unamfungulia daktari mlango. Mlango wa mgonjwa haukufungwa kwa bei peke yake.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo juu ya saratani ya matiti: wagonjwa 60 katika kila mia wagunduliwe katika hatua mbili za kwanza, jibu la vipimo lipatikane katika siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza, na wagonjwa 80 katika kila mia wamalize tiba. Lengo la pili ndilo linalonivuta, kwa kuwa linaihesabu hospitali. Utafiti wa siku 60 waweza kufanywa Muleba bila maabara mpya. Wahitaji daftari lenye mistari michache: siku mwanamke alipomwonyesha mtumishi wa afya uvimbe kwa mara ya kwanza, aliambiwa nini, siku alipotumwa kwingine, na nauli aliipata wapi, siku alipokatwa nyama, siku jibu lilipotoka, siku alipoambiwa yeye mwenyewe, na kwa lugha gani. Wahitaji pia mtu wa kumtafuta yule ambaye mistari yake imekatika katikati, kwenda mpaka kibanjani kwake, na kuuliza kama yu hai.

Sidhani kama mhariri wa jarida kubwa ataufurahia. Atauliza jipya ni nini, kwa kuwa chembe ya urithi haimo, wala dawa. Mwalimu atakayeufanya hatapanda cheo kwa haraka, na akitaka kuuchapisha mahali pa kusomwa na watu wote huenda akadaiwa ada inayozidi mshahara wake wa mwezi. Hata hivyo ningependa kuuona ukianzwa na wanafunzi wetu, hata kwa zahanati tano; na matokeo yake yasomwe kwa Kiswahili na kwa Kihaya, Kamachumu na Nshamba na Bumbire, kabla hayajapelekwa kwa mhariri yeyote, na wanawake waliohesabiwa wapewe nafasi ya kusema mahali ambapo hesabu imekosea.